Juni ya Kujitakia

Mwezi wa Juni, Suam huwa kijani kuanzia mtoni hadi miguuni mwa Mlima Elgon. Mahindi yamefika kifuani, maharagwe yaliyopandwa kati ya mistari yameanza kugeuka manjano, na kila alasiri wingu hushuka mlimani likileta mvua. Mgeni anayesafiri barabara ya Kitale–Endebess–Suam, kilomita 45 za mashamba kulia na kushoto hadi mpaka wa Kenya na Uganda, anaweza kuapa kwamba huku njaa haijulikani. Aingie jikoni ndipo ajue. Mahindi yaliyoko shambani hayatakauka hadi Oktoba au Novemba, na yale ya mwaka jana nyumba nyingi ziliyauza Desemba ili kulipa karo ya Januari. Juni ndipo utamwona mkulima wa mahindi sokoni akinunua mahindi, gorogoro moja moja, kwa bei iliyopita ile aliyouzia.

Mama yangu mdogo, anayelima ekari mbili karibu na Mto Suam, aliachana na mtindo huo zamani. Ghalani mwake magunia yamepangwa ukutani, na kila moja limeandikwa jina la mwezi kwa kaa: Januari, Februari, Machi, hadi Oktoba. Gunia la Juni haliguswi Aprili. Akipika, hupima kwa kopo lilelile, na chakula huwa mezani saa ileile, wageni wawepo wasiwepo.

Juni moja nilimtembelea nikiwa nimetoka katika jaribio langu la tatu la kupunguza uzito ndani ya miezi 18. Majaribio yote matatu yalienda vivyo hivyo. Naacha ugali, naacha chapati, naacha sukari. Asubuhi yai la kuchemsha, mchana kabichi, usiku maji ya moto na limau. Kwa wiki mbili tatu uzito unashuka na watu wananisifu. Kisha usiku mmoja najikuta nimesimama jikoni, taa nimezima, nakula chapati ya sita bila hata kuisikia ladha yake. Asubuhi naamka na aibu, naapa kujinyima zaidi, na gurudumu linaanza kuzunguka upya.

Nilipomsimulia, hakucheka. Alifunga mdomo wa gunia kwa kamba, akasema, "Mwanangu, sisi Juni hutujia. Wewe unajiletea."

Maneno hayo yalinikaa. Nilipoanza kusoma utafiti kuhusu njaa na kula kupita kiasi, niliona jinsi yalivyogonga penyewe. Mwili haujui kama chakula kimepungua kwa sababu ghala ni tupu au kwa sababu umeamua mwenyewe kukikataa. Unachojua ni kwamba Juni imeingia, nao hujipanga kwa namna moja tu.

Vijana 36 wa Minnesota

Ushahidi mkubwa kuhusu jambo hili ulitoka mbali na Elgon. Novemba 1944, vita vya pili vya dunia vikielekea mwisho, mwanasayansi Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapokea vijana 36 wenye afya njema. Walikuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao, wakajitolea kuitumikia jamii kwa njia nyingine: kukaa na njaa ili madaktari wajifunze namna ya kuwahudumia mamilioni ya watu waliokuwa wakifa njaa huko Ulaya.

Kwa wiki 12 walilishwa vizuri na kupimwa. Kisha, kuanzia Februari 1945, kwa wiki 24, chakula chao kilipunguzwa hadi karibu nusu: wastani wa kalori 1,570 kwa siku, nyingi zikitoka kwenye viazi, mkate na makaroni, kwa milo miwili. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua kasi. Waliona baridi hata siku za joto. Walichoka, wakawa wepesi wa hasira, wakakwepa marafiki.

Kilichowashangaza watafiti zaidi kilitokea akilini. Vijana ambao awali hawakujali mambo ya jikoni sasa walizungumzia chakula tu. Walisoma vitabu vya mapishi kitandani. Waliota chakula usiku. Walilamba sahani. Wengine walikaa na mlo mmoja kwa saa nyingi, wakiuchanganya na kuugeuza ili usiishe upesi.

Kizuizi kilipoondolewa, wengi walikula na kula, na bado walisema wana njaa hata tumbo likiwa limejaa hadi kuuma. Wapo waliokula hadi wakaugua. Mafuta ya mwili yalirudi upesi kuliko misuli, yakapita hata kiwango cha mwanzo. Keys alichapisha matokeo hayo mwaka 1950 katika vitabu viwili vikubwa, na hadi leo wanaochunguza njaa huvirejelea.

Tuyatazame mambo mawili hapo. Kwanza, hawa hawakuwa walafi. Walichaguliwa kwa uimara wao wa akili na mwili. Pili, kalori 1,570 ni nyingi kuliko zinazoruhusiwa na mipango mingi ya kupunguza uzito inayouzwa siku hizi, ambayo humshusha mtu mzima hadi 1,200. Kile ambacho Keys alikiita njaa, leo kinauzwa kama nidhamu.

Wajumbe kati ya tumbo na ubongo

Wakati wa Keys hakuna aliyejua ni nani hasa anayepeleka habari za njaa ubongoni. Mmoja wa wajumbe wakuu alijulikana mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake jijini New York walipogundua homoni iitwayo leptini. Leptini hutengenezwa na mafuta ya mwili yenyewe. Mafuta yakiwa mengi, leptini huwa nyingi katika damu, na ubongo huelewa kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo husoma habari moja: ghala linaisha.

Mjumbe wa pili aligunduliwa Japani mwaka 1999 na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa. Anaitwa ghrelini, na hutoka hasa tumboni. Huyu ndiye anayepiga hodi. Hupanda kabla ya mlo na kushuka baada ya kula. Jambo la kupendeza kumhusu ni kwamba huzoea ratiba: mtu anayekula mchana saa saba kila siku, ghrelini yake huanza kupanda inapokaribia saa saba. Njaa ina saa yake, na saa hiyo huitikia mazoea ya mwenyewe.

Ni nini hutokea wajumbe hawa wakikutana na mlo wa kujinyima? Mwaka 2011, Priya Sumithran, Joseph Proietto na wenzao wa Melbourne, Australia, walichapisha jibu. Waliwachukua watu 50 wenye uzito mkubwa na kuwapa chakula kidogo sana kwa wiki 10. Uzito ulishuka kwa kilo nyingi. Leptini nayo ilishuka, ghrelini ikapanda, njaa ikaongezeka. Hayo yalitarajiwa. Yaliyozua gumzo yalionekana baada ya mwaka mzima. Sehemu ya uzito ilikuwa imerudi, lakini homoni zilikuwa bado hazijatulia; ziliendelea kudai chakula kana kwamba njaa ilianza jana.

Ndiyo maana neno "ulafi" halimtendei haki mtu aliyetoka kwenye wiki tatu za kabichi na maji ya limau. Anayefakamia chakula usiku wa ishirini anautii mwili uliokuwa ukipiga kengele ya hatari siku zote ishirini. Mababu waliozaa jamii zilizoko chini ya Elgon walipita miaka ya ukame, nzige na vita kwa sababu miili yao ilijua kufanya hivyo: chakula kikipatikana baada ya dhiki, kula, na uweke akiba. Kipaji kilichowaokoa wao ndicho kinachotusumbua sisi tunapojitengenezea dhiki wenyewe.

Liwalo na liwe

Homoni peke yake haziwezi kueleza ile chapati ya sita. Mwaka 1975, Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio dogo lililokuja kuwa maarufu. Waliwapa wanafunzi wa kike kinywaji kitamu cha maziwa, kisha wakawaambia waonje aiskrimu kiasi wanachotaka, ati ili watoe maoni kuhusu ladha. Wasiokuwa na desturi ya kujinyima walikula aiskrimu kidogo baada ya kinywaji, kwa kuwa walikuwa wameshiba. Wenye kujinyima walifanya kinyume: waliokwisha kunywa walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao ambao hawakunywa kitu.

Sababu ilikuwa kichwani. Anayejinyima huishi kwa sheria. Sheria ikivunjika kidogo, huhisi siku nzima imeharibika, akasema liwalo na liwe. Kipande kimoja cha chapati kinavuta sita, kwa sababu kesho marufuku itarudi na leo ndiyo nafasi ya mwisho.

Sikiliza jinsi tunavyozungumza Kitale na Bungoma mwezi wa Januari. "Nimeacha ugali kabisa." "Chapati sizigusi tena." Chakula ambacho mtu amelelewa nacho, kinachopikwa katika kila nyumba anayoingia, kinageuzwa kuwa haramu kwa siku moja. Kisha anashangaa kwamba siku nzima anakiwaza. Vijana wa Minnesota walisoma vitabu vya mapishi. Sisi tunakodolea macho video za watu wakikanda unga kwenye simu.

Watu nao humzungusha mtu pande zote mbili. Akinenepa huambiwa, "Siku hizi una afya," kana kwamba kilo ndiyo kipimo cha maisha mema. Akipungua huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Wiki inayofuata walewale humcheka kitambi. Anayekula kwa kufuata midomo ya watu hawezi kutulia.

Kapu la nchi, sahani mbili

Trans Nzoia, kaunti yenye Kitale na Suam, huitwa kapu la chakula la Kenya, na inastahili jina hilo. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na aina ya mahindi chotara H611, iliyotolewa mwaka 1964 baada ya utafiti uliofanyika hapohapo Kitale, ilibadilisha kilimo cha nyanda za juu. Kabla mahindi hayajatawala, ugali wa upande huu ulikuwa wa wimbi na mtama. Leo neno ugali likitajwa peke yake, watu huona mahindi tu.

Lakini kapu kujaa hakumaanishi kila sahani iko sawa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Kenya nzima, watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika Pokot Magharibi, kaunti inayopakana na Trans Nzoia upande wa kaskazini, ni 34. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba takriban wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi. Nchi moja ina upungufu na ziada kwa pamoja, na mara nyingi vyote viwili viko chini ya paa moja.

Hali hizi mbili zina uhusiano wa karibu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2017, Carolyn Becker na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wanaotegemea vituo vya kugawa chakula mjini San Antonio, Texas. Waliokuwa na uhaba mkubwa zaidi wa chakula ndio waliokuwa na visa vingi zaidi vya kula kupita kiasi bila kujizuia. Mtu anayelala njaa mwisho wa mwezi huweza kula kwa pupa mwanzo wa mwezi. Umaskini wenyewe unaweza kuleta gurudumu lilelile. Kwa maana hiyo, gunia lisilopitisha hewa linalozuia fukusi na dumuzi wasimalize mahindi kabla ya Juni ni kifaa cha afya sawa na mizani ya zahanati. Nyumba isiyolazimika kuuza chakula chote Desemba ina nafasi ya kula sawasawa mwaka mzima.

Upande wa mjini kuna jambo jingine. Mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwaweka watu wazima 20 kituoni kwa mwezi mmoja. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida vilivyopikwa kutoka malighafi, na waliruhusiwa kula kiasi walichotaka. Walipokuwa kwenye vyakula vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, tena kwa haraka zaidi. Soseji za kando ya barabara, biskuti za pakiti na soda havitushibishi kwa namna ambayo sahani ya maharagwe hushibisha. Anayeacha chakula cha mchana ili "kuokoa kalori", kisha akapita stendi ya matatu Kitale saa kumi na moja jioni, amejitega mwenyewe.

Saa za kambini

Basi mtu afanye nini? Jibu moja limekuwa jirani yetu siku zote, katika kambi za wakimbiaji.

Mwaka 2004, Vincent Onywera wa Kenya na wenzake walichapisha utafiti kuhusu chakula cha wakimbiaji 10 mahiri waliokuwa wakifanya mazoezi katika kambi ya Bonde la Ufa Kaskazini. Kila kitu walichokula kwa siku saba kilipimwa kwa mizani. Zaidi ya robo tatu ya nguvu zao, asilimia 76.5, zilitoka kwenye vyakula vya wanga: ugali, wali, mkate, viazi, maharagwe, chai ya maziwa yenye sukari. Hao ni baadhi ya wanadamu wepesi zaidi duniani, na ugali wanakula kila siku.

Sisi hatukimbii kilomita zao, kwa hiyo kiasi chao na sukari yao si vyetu kuiga. Cha kuiga ni saa. Walikula mara tano kwa siku kwa ratiba isiyoyumba: kifungua kinywa saa mbili asubuhi, kitu kidogo saa nne, chakula cha mchana saa saba, kitu kidogo saa kumi, chakula cha jioni saa moja. Mchana kutwa hakuna mwanya uliozidi saa tatu. Mwili haukupewa nafasi ya kudhani Juni imeingia.

Linganisha na kazi ya Christopher Fairburn wa Oxford, Uingereza, aliyetumia miaka mingi kuwatibu watu walioshindwa kujizuia kula. Katika tiba yake, hatua ya mwanzo haihusu kupunguza uzito. Mgonjwa huanza kwa kula kwa saa maalumu: milo mitatu, na vitafunio viwili au vitatu katikati, bila kupitisha saa nne hivi kati ya mlo na mlo. Mara nyingi hatua hiyo peke yake hupunguza sana visa vya kufakamia chakula. Zahanati ya Oxford na jiko la kambi ya wakimbiaji, ambavyo havikuwahi kukutana, vimefikia karibu ratiba moja.

Ongeza kabla ya kupunguza

Saa zikishatulia, geukia sahani. Kosa letu la Januari ni kuanza kwa kuondoa. Anza kwa kuongeza.

Ongeza mboga za kienyeji. Managu, saga, mrenda, kunde na mitoo hukua nyuma ya nyumba, nyingine bila kupandwa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amezichunguza mboga hizi kwa miongo mingi, tangu zilipokuwa zikiitwa magugu na chakula cha maskini, na kazi yake imesaidia kuzirudisha sokoni na mezani. Zina madini ya chuma, kalisi, vitamini na nyuzinyuzi. Jikoni kwa mama mdogo, saga na managu huchemshwa, maji machungu yakamwagwa, kisha hutiwa maziwa na kulazwa chunguni hadi kesho yake, uchungu ukalainika. Mrenda hutiwa musherekha kidogo, chumvi inayochujwa kutoka kwenye majivu, ili uive upesi. Mboga ya namna hiyo ina ladha inayomridhisha mtu, na kuridhika ni sehemu ya kushiba.

Ongeza jamii ya kunde. Maharagwe yana protini na nyuzinyuzi kwa pamoja, hukaa tumboni muda mrefu na hupandisha sukari ya damu polepole. Mwongozo wa kitaifa wa lishe bora uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2017 unashauri kula maharagwe, dengu, njugu na jamii yake angalau mara nne kwa wiki. Mwongozo huohuo unaweka wadudu wanaoliwa kwenye kundi moja na nyama, samaki na mayai, jambo ambalo halitamshangaza mtu wa Bungoma anayewajua kumbikumbi wa msimu wa mvua.

Ugali ubaki. Ukiweza, tumia unga wa posho usiokobolewa, au changanya wimbi, kwa sababu pumba ndizo zenye nyuzinyuzi. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali, robo maharagwe, samaki, kuku au omena. Pakua sahani yako mara moja, keti, na ule pamoja na wengine. Chapati nayo iwe na mahali pake: moja au mbili pamoja na ndengu siku ya chapati, mchana kweupe, mezani. Chapati iliyokaribishwa mezani haimwamshi mtu usiku kuifuata gizani.

Siku 66

Mazoea hayajengwi kwa kiapo. Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga tabia moja ndogo, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana, na wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kwa wastani, ilichukua siku 66 kabla tabia haijaanza kujiendesha yenyewe bila kusukumwa. Wengine walihitaji siku 18 tu. Kwa wengine makadirio yalifika siku 254. La kufariji ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu safari. Aliyekosa leo na kuendelea kesho alifika kama wengine.

Habari hiyo ndiyo dawa ya "liwalo na liwe". Ukila kupita kiasi leo, mlo unaofuata uwe uleule, saa ileile, kiasi kilekile. Usiruke kifungua kinywa kulipa deni. Ukiruka, Juni inaanza tena.

Chagua badiliko moja kwa wakati, lifungamanishe na jambo unalolifanya tayari. Kila unapowasha moto wa jioni, mboga iwe imekatwa. Kila kengele ya shule ya saa saba ikilia, keti ule. Badiliko dogo linalodumu miaka kumi lina uzito kuliko mapinduzi ya wiki tatu, hata kama mizani haikusifu upesi.

Na sherehe? Zibaki sherehe. Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, tohara za Wabukusu hujaza vijiji vya Bungoma nyimbo, na Desemba watoto wa Nairobi hurudi nyumbani kuchinjiwa kuku. Kula hadi kushiba pamoja na ndugu siku ya furaha ni afya ya namna yake. Kinachotia wasiwasi ni kula chakula kingi kwa haraka, peke yako, ukihisi huwezi kusimama, kisha aibu ikakukaa. Tangu mwaka 2013, madaktari wa akili wa Marekani wanaitambua hali hiyo katika mwongozo wao kama ugonjwa kamili ikitokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Ugonjwa huo una tiba. Ikiwa hiyo ni hali yako, zungumza na mshauri au mtaalamu wa lishe katika hospitali ya kaunti, kama ambavyo ungeenda ukiwa na malaria. Mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito au anayenyonyesha asibadilishe chakula chake kabla ya kupata ushauri wa daktari.

Mimi sijawa mwembamba kama mkimbiaji. Uzito wangu umeshuka kidogo, polepole, na umekaa. Kilichobadilika zaidi hakionekani kwenye mizani: usiku nalala, na jiko liko kimya.

Juni iliyopita nilirudi Suam. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na mto ulisikika kutoka uani. Mama mdogo aliingia ghalani nami nikamfuata. Magunia matano yalikuwa yamekwisha na kukunjwa vizuri pembeni. La sita lilikuwa na neno "Juni" kwa kaa, herufi zimefifia kidogo. Alifungua kamba, akachota gorogoro mbili za kupeleka kusagwa, akakagua fukusi kwa kiganja, akalifunga tena kama lilivyokuwa. Gunia la Julai lilikuwa nyuma yake, halijaguswa. Saa saba tuliketi kula.